Anza na Farasi Uliye Naye

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: mtu anayetaka kuingia mchezo mpya aanze na alicho nacho, au angoje mpaka apate kilicho bora? Nadhani wengi watajibu kwa baiskeli na viatu vya mbio. Mimi najibu kwa farasi. Mwaka jana niliingia mashindano yangu ya kwanza ya dresaji nikiwa juu ya farasi wa kuchungia ng'ombe, na jibu langu ni kwamba mtu aanze na aliye naye. Nina sharti moja tu, nitalifikia.

Kwa asiyeujua mchezo huu, dresaji ni mtihani wa mwendo na usikivu. Mpandaji na farasi wake huingia peke yao katika uwanja wa mstatili, wakafuata mpangilio uliochapishwa wa miduara, mabadiliko ya mwendo na kusimama. Mwamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila kipengele, kisha jumla hugeuzwa kuwa asilimia. Hakuna kuruka vizuizi wala kufukuzana na mtu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Farasi mwenyewe ni wa shamba la ng'ombe wa maziwa upande wa Rongai, ambako shemeji yangu ndiye msimamizi. Anaitwa Simiti kwa sababu ya rangi yake. Ni mfupi, mnene wa shingo, na miaka yote amefanya kazi moja: kupeleka mitamba malishoni na kuirudisha. Amezoea kupandwa kwa mkono mmoja, vigwe (kamba za kumwongozea) vimelegea, mkono wa pili umeshika fimbo. Rafiki yangu anayepanda farasi huko Karen, Nairobi, alipopata habari kwamba nataka kumwingiza Simiti kwenye dresaji, alinishauri kwa moyo mweupe nikodi farasi aliyekwisha kufunzwa, au nitafute mmoja wa wale waliostaafu mbio za Ngong.

Ushauri ule una uzito, siukatai. Farasi aliyefunzwa humfundisha mpandaji kwa haraka, maana ukimwomba jambo kwa njia iliyo sawa analifanya, nawe unajua kwamba umeliomba sawa. Hata hivyo niliichukua karatasi ya mtihani wa ngazi ya chini kabisa nikaisoma mstari kwa mstari. Ingia kwa troti, yaani mwendo wa mchakamchaka. Simama, salimu. Duara la mita 20. Hatua za kawaida, vigwe virefu, farasi anyooshe shingo. Kanta, yaani mbio za polepole, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Simama tena, salimu, ondoka. Sikuona mahali palipodai farasi awe mrefu au wa ukoo fulani. Palipodaiwa usahihi na utulivu ndipo palipojaa.

Kwa hiyo tukaanza na uwanja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu uwanja ndio ulionifunza zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Uwanja mdogo wa dresaji ni mita 20 kwa 40. Shamba lina kipande cha malisho kilicholala sawasawa karibu na banda la kukamulia, shemeji akatupa hicho. Saisi (mtunza farasi) wa shamba, mzee ambaye ujanani alikuwa fundi wa kujenga, alikuja na kamba ya katani na vigingi. "Mwalimu, hii ni kona ya nyumba tu," akaniambia, akapima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kuhakikisha mshazari kati yake ni mita 5 kamili. Kona ikawa imenyooka. Tulipomaliza zote nne tulipima kutoka pembe hadi pembe ya uwanja mzima, na mishazari yote miwili ikasoma mita 44 na sentimita 72. Mzee alifurahi kwa hilo kama alivyofurahi siku ya mashindano.

Herufi tulizipaka rangi kwenye mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia, tukaijaza mchanga isipeperushwe na upepo wa alasiri. Ukizunguka uwanja kwa kufuata saa zinakuja A, K, E, H, C, M, B, F. Watoto wa shamba walizishika kwa wimbo wao wenyewe: Akinyi Kaenda Eldoret Hajarudi, Chai Moto Bado, Funika. Mwamuzi hukaa C. Wewe unaingilia A. Katikati kabisa pana X, ambayo haiwekewi alama yoyote, unatakiwa uijue tu. K, H, M na F ziko mita 6 kutoka kwenye kona.

Vipimo hivi vina kazi kubwa. Duara la mita 20 linaloanzia A linatakiwa liguse ukingo mfupi pale A, ligusie kingo ndefu mita 10 kutoka kona, yaani mita 4 baada ya K na mita 4 kabla ya F, kisha lipite X. Mzee alichomeka kigingi kwenye mstari wa kati, mita 10 kutoka A, akafunga kamba ya mita 10, akatembea akimwaga majivu. Nilipompitisha Simiti juu ya mstari ule wa majivu ndipo nilipoona jinsi anavyolivuta duara kuelekea banda la kukamulia. Kila tulipofika upande ule bega lake lilikuwa linatoka nje, masikio yamewaelekea ng'ombe, na duara linageuka yai. Nisingeliona hilo bila majivu, maana ukiwa juu ya tandiko kila duara huonekana la mviringo.

Dawa yake ilikuwa mguu wangu wa ndani na kigwe cha nje. Mguu wa ndani unamwambia asogee na ajipinde, kigwe cha nje kinalishika bega lisitoroke. Wengi wetu tunaoanza huvuta kigwe cha ndani, na farasi anageuza kichwa tu huku mwili ukienda kule kule anakotaka yeye. Kwa farasi aliyefunzwa ungevumiliwa. Simiti hakuvumilia hata siku moja. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema mtu aanze na farasi aliye naye: farasi asiyetarajiwa kwenye mchezo huu hana mazoea ya kukufichia makosa, kwa hiyo kila alama utakayopata umeijenga mwenyewe.

Kuna jambo alilokuja nalo tayari. Farasi wa ng'ombe anajua kusimama. Mtamba ukisimama naye anasimama, amegawanya uzito kwa miguu yote minne, tayari kwenda kokote. Katika mtihani wa mwanzo kusimama kunahesabiwa mara mbili, unapoingia na unapomaliza, na farasi wengi wazuri hupoteza alama hapo kwa kuyumba, kurudi nyuma au kuacha mguu mmoja umelegea. Shida ya Simiti ilikuwa salamu. Ili kumsalimu mwamuzi unaweka vigwe katika mkono mmoja, unateremsha mwingine, unainamisha kichwa. Kwa Simiti, vigwe kuingia mkono mmoja maana yake kazi imeanza! Alikuwa anaondoka papo hapo kwenda kutafuta ng'ombe. Basi tukafanya zoezi la kusimama, kushika vigwe kwa mkono mmoja na kutofanya lolote. Mara nyingine nilibaki hivyo mpaka mzee amalize kunisimulia habari za kijijini. Akazoea.

Lishe nitaigusa kwa sababu moja tu, kwani inaua, na farasi wengi wasiotarajiwa wanaishi na ng'ombe. Chakula cha madukani cha ng'ombe au cha kuku huweza kuwa na monensini, dawa inayowafaa wanyama hao, lakini kwa farasi ni sumu inayoharibu misuli ya moyo. Ndoo ya ng'ombe isiwe ndoo ya farasi, hata kwa kuonja. Mahindi yaliyoota ukungu nayo ni hatari, yana sumu inayoshambulia ubongo wa farasi. Simiti anakula nyasi za boma Rhodes zilizokauka vizuri na pumba za ngano kidogo, basi. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika ifanywe mapema na daktari wa mifugo, kisha mazoezi yapunguzwe kwa muda atakaosema. Ugonjwa huo huenezwa na visubi wanaouma hasa jioni na alfajiri, na pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua. Sisi wa Nakuru tunaishi jirani na pundamilia, kwa hiyo Simiti huingia bandani kabla jua halijazama.

Nguo hazikunitesa. Suruali nyeupe niliipata mitumbani na buti niliazima. Kofia ngumu peke yake ndiyo niliyonunua mpya, na hapo sikujadiliana na mtu, kwa sababu kofia iliyowahi kuanguka kwa nguvu huwa imekwisha kazi hata kama haionyeshi ufa.

Wapo watakaosema mchezo huu una wenyewe. Kweli, ulikuwa nao. Dresaji iliingia Olimpiki mwaka 1912 huko Stockholm, na mpaka 1948 walioruhusiwa ni maofisa wa jeshi tu. Mwaka huo wa 1948 timu ya Uswidi ilishinda dhahabu, kisha ikanyang'anywa kwa sababu mmoja wao, Gehnäll Persson, hakuwa ofisa kamili. Kosa halikuwa la upandaji, lilikuwa la cheo. Mwaka 1952 mlango ukafunguliwa kwa raia na kwa wanawake. Persson akarudi na timu yake wakachukua dhahabu tena, na Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza chini ya magoti kwa polio, akapata medali ya fedha. Alikuwa anasaidiwa kupanda na kushuka. Nikifikiria jinsi miguu inavyotumika katika duara moja tu la mita 20, namheshimu mama yule kupita kiasi. Waliomwona hafai walitazama miguu yake kabla ya kutazama kazi yake.

Mashindano yetu yalikuwa madogo, ya wapandaji wasiolipwa, kwenye shamba moja upande wa Gilgil. Simiti alisafiri kwa lori la ng'ombe lililotandikwa nyasi nyingi. Tulikuwa tumemzoeza kupanda na kushuka lori hilo likiwa limesimama shambani, akipewa chakula chake humo ndani, na siku yenyewe alipanda kama anaingia bandani kwake. Tulifika mapema nikamtembeza kwa mkono kando ya uwanja, aone meza ya mwamuzi na bendera zilizokuwa zinapigwa na upepo. Uwanja wa kigeni humshtua farasi kuliko mtihani wenyewe.

Katika ngazi za chini mtu anaruhusiwa kukusomea mpangilio kwa sauti. Mzee ndiye aliyenisomea, amesimama kando ya B, kwa sauti ile ile anayotumia shambani. Simiti aliisikia akateremsha shingo. Tulipata 8 kwa kusimama kwa kwanza, na mwamuzi akaandika kwamba farasi ametulia na miguu yote iko sawa. Duara la kwanza tulipata 6 na nusu. Kanta ya kulia ikapata 4, kwa sababu Simiti alianza na mguu wa kushoto mbele badala ya wa kulia, akabaki hivyo mpaka mwisho wa duara. Jumla ikaja asilimia 61. Farasi mmoja mrefu mwekundu, mzuri ajabu, aliingia baada yetu na alama zake zikawa chini ya zetu, kwa maana hakuweza kusimama. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Mwenye farasi yule alikuja kumpapasa Simiti shingoni akaniuliza tulivyofanya salamu, tukaongea mpaka lori likawashwa.

Sasa sharti langu. Anza na farasi uliye naye, lakini asiwe mwenye maumivu. Farasi mfupi atafika, mnene atafika, wa ng'ombe atafika. Anayeumwa mgongo au kwato hatakiwi kuombwa hata duara moja. Kabla ya zoezi la kwanza pitisha vidole kwa nguvu kiasi pande zote mbili za uti wa mgongo, pale tandiko linapokaa. Akizama, akikunja masikio au akitaka kukuuma, tafuta sababu. Mwombe mtu amkimbize kwa troti kwenye ardhi ngumu huku umesimama kando unasikiliza: mapigo mawili yaliyo sawa ni mazuri, moja likiwa zito kuliko lingine kuna mguu unaokwepwa. Daktari amtazame meno, maana meno makali hukata shavu kila lijamu, chuma cha mdomoni, linapovutwa, nawe utadhani ni ukaidi. Fundi wa kwato apite kila baada ya wiki sita hadi nane. Tandiko likague upya kila anaponenepa au kukonda. Kwa walio Kisumu ningeongeza kwamba mazoezi yafanywe asubuhi baada ya visubi kupungua na kabla joto la ziwa halijapanda, na maji yawe karibu muda wote.

Kwa Simiti yote hayo yalikuwa sawa kabla sijafunga tandiko. Kama yasingekuwa sawa, jibu langu kwa swali lenu lingekuwa ngoja, na ningengoja.