Kuvuta IST kutoka Ubungo hadi Tabata

Kaka, umeuliza ulipe ngapi kuvutiwa Toyota IST yako iliyozima kutoka Ubungo hadi Tabata, au uivute tu kwa kamba na gari la shemeji. Kwa umbali mfupi huo usikubali bei ya kilomita, patana bei moja hadi mwisho. Bredauni wengi wa Dar (wenye magari ya kuvuta) wana bei ya kuanzia, yaani unalipia gari lao kutoka pale lilipoegeshwa, hata kama unavutwa mitaa miwili tu. Mwaka jana yangu ilizima pale pale Ubungo saa mbili usiku. Wa kwanza alitaja 150,000, akaniona na tai akadhani nina haraka. Nikampigia fundi wangu, akaniitia mtu wake, tukamalizana kwa 80,000 hadi mlangoni kwa gereji. Kwa hiyo anza na fundi, ndiye anayewajua.

Kabla hajafunga mnyororo, mkubaliane kama bei ni pamoja na kupakia na kushusha. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, gari likiwa tayari juu.

Suala la kamba na gari la shemeji: IST ni automatiki, achana na kamba. Injini ikiwa imezima, pampu ya oili ya gia boksi haizunguki, na matairi ya mbele yakiburuzwa unaua gia boksi kwa ajili ya kuokoa elfu themanini. Halafu breki na usukani vinakuwa vizito kama jiwe, na wewe uko nyuma ya mtu kwenye foleni. Matairi ya mbele yanyanyuliwe. Kama yako ni ya foo wili, yote manne yapande juu.

Na toa vitu vyako ndani, hata chaja.