Msomaji Anauliza: Nyambizi iliyopwelea Somalia

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Marehemu babu yangu alikuwa kuli pale Kilindini wakati wa vita vya Hitler, alikuwa akituambia kuna nyambizi ya Wajerumani ilipwelea pwani ya Somalia na nahodha wake baadae akapigwa risasi. Wajomba wanasema hizo ni hadithi za mzee tu. Ukweli ni upi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waalaikum salaam. Waambie wajomba zako mzee alisema kweli tupu, na nafurahi umeuliza maana hii habari huku kwetu haisimuliwi kabisa wakati imetokea mlangoni petu. Nyambizi yenyewe ilikuwa U-852, nahodha wake Heinz-Wilhelm Eck, kijana wa miaka 27, na ilikuwa safari yake ya kwanza kuongoza nyambizi vitani. Walitoka Kiel tarehe 18 Januari 1944, wazunguke Afrika yote waingie Bahari ya Hindi waungane na wenzao waliokuwa na kituo Penang kule Malaya.

Sasa tarehe 13 Machi jioni, wakiwa bado Atlantiki, wakaikuta meli ya Wagiriki inaitwa Peleus, ina watu 35, inatoka Freetown kwenda Amerika ya Kusini haina shehena. Wakaipiga topedo mbili na ikazama hapohapo, haikuchukua hata dakika chache. Mpaka hapo ni vita, hakuna aliyemshtaki Eck kwa hilo. Shida ni kilichofuata. Juu ya maji kulibaki mbao na machelezo, na watu wameyang'ang'ania gizani, Eck akawaza ndege za Waingereza zikiyaona mabaki asubuhi zitajua kuna nyambizi karibu na zitaanza kumsaka. Akaamuru yavunjwevunjwe. Wakapiga kwa bunduki za rashasha, wakarusha na mabomu ya mkono, na wale watu walikuwa humohumo juu ya machelezo. Fundi mkuu wa injini, Hans Lenz, alimwambia nahodha waziwazi kwamba hakubaliani, lakini baadae na yeye akashika bunduki akafyatua. Daktari wa chombo naye alifyatua, daktari jamani, mtu ambaye kazi yake hata bunduki haimhusu!

Walikaa pale masaa matano hivi wanazungukazunguka, na kinachoniuma mimi ni kwamba machelezo hayakuzama, yameundwa yaelee, kwahiyo kilichokufa pale ni watu tu. Wanne walibaki hai, mmoja akafa kwa majeraha wakiwa wanaelea, na watatu waliobaki waliokotwa na meli ya Wareno tarehe 20 Aprili, yani siku 38 juu ya chelezo katikati ya Atlantiki.

U-852 ikaendelea, ikazamisha meli nyingine ya Waingereza, Dahomian, karibu na Cape Town tarehe 1 Aprili, halafu ikapanda juu mpaka maji ya Somalia. Hapo tarehe 2 Mei ndege aina ya Wellington kutoka Aden zikaikuta na kuipiga mpaka ikashindwa kuzama tena, wakapambana nazo juu ya maji mpaka kesho yake, mwisho Eck akaipeleka nchi kavu akaipweleza ili watu wake wapone na akajaribu kuilipua. Saba walikufa, 59 wakakamatwa na mabaharia wa Kiingereza pamoja na askari wa Kisomali wa kikosi cha ngamia. Fikiria, mtu ametoka Kiel miezi mitatu na nusu nyuma, anakuja kukamatwa na askari wa ngamia!

Lakini Eck alisahau kuiharibu batli, lile daftari la safari. Waingereza waliposoma wakaona siku ile ya Machi chombo kilikuwa wapi na kilifanya nini, na wale watatu wa chelezo walikuwa wameshatoa maelezo yao, hesabu ikajumlika. Kesi ikasikilizwa Hamburg tarehe 17 mpaka 20 Oktoba 1945. Eck hakujificha nyuma ya wakubwa zake, alisema amri ni yake na ilikuwa lazima ili aokoe chombo. Mahakama haikumkubalia, na hata mimi naona hoja haisimami, maana mtu anayeogopa kusakwa hukimbia usiku kucha awe mbali kabla hakujapambazuka, hakai masaa matano palepale alipozamisha meli. Eck, ofisa wake August Hoffmann na daktari Walter Weisspfennig walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alipewa kifungo cha maisha, na baharia Wolfgang Schwender miaka 15.

SWALI: Chombo kinachozama kinatokaje Ujerumani mpaka huku, mafuta wanajaza wapi? Na wanaonaje meli za mbali wakati kiko chini hivyo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Swali zuri. Nyambizi za zamani zile hazikuishi chini ya maji kama wengi wanavyodhani, muda mwingi zilitembea juu kwa injini za dizeli, zikizama zinatumia betri. Hii ilikuwa ya aina kubwa iitwayo IXD2, mita 87 hivi, imeundwa kwa safari ndefu, ikienda mwendo wa kawaida inafika zaidi ya maili za baharini 23,000 bila kujaza.

Kuhusu kuona mbali, hapo ndo utashangaa. Walikuwa na kitu kama tiara, kina mapanga ya helikopta lakini injini hakina. Baharia anakaa kwenye kiti kidogo, nyambizi inakimbia, upepo unazungusha mapanga naye anapanda juu amefungwa kwa waya, zaidi ya mita 100, anaangalia huku na huku na anaongea na wa chini kwa simu. Ikitokea ndege ya adui ghafla mtu yuko juu kule, nyambizi inataka kuzama... Kazi ile ilitaka roho ngumu. Waingereza walikikuta kimoja kwenye hiyohiyo U-852.

SWALI: Mbona nahodha huyu peke yake ndo aliuawa? Washindi hawakufanya? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Walifanya, tusifichane. Katika manahodha wote wa nyambizi za Ujerumani Eck ndo pekee aliyeuawa kwa hukumu ya namna hii. Lakini Januari 1943 nyambizi ya Marekani, Wahoo, chini ya Dudley Morton, iliizamisha meli ya Wajapani Buyo Maru kisha ikawafyatulia risasi watu waliokuwa kwenye mashua, na Morton hakushtakiwa, alisifiwa, akafa na watu wake wote Oktoba mwaka huohuo. Na ndani ya Buyo Maru walikuwamo askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza, mateka wa Wajapani. Wamekufa karibu 200, na kwa ajili yao hakuna mahakama iliyokaa.