Yoga kwa anayeanza sanaa za mapigano

Anayeanza karate au taekwondo akisikia habari za yoga, hamu yake kubwa ni teke lifike juu. Yoga itamsaidia, ila si kwa njia anayoitarajia. Wapo wanaopiga msamba hadi chini na teke lao bado linaishia kiunoni. Kuachia uzito wa mwili ukuvute ni tofauti na kuinua mguu kwa nguvu ya misuli yake na kuushikilia hewani. Kwa hiyo ukiwa kwenye mkeka usilegee tu. Misuli ifanye kazi muda wote uliomo kwenye pozi.

Pozi ninalolipa uzito kuliko yote ni shujaa wa tatu. Unasimama kwa mguu mmoja, kiwiliwili kinalala mbele, mguu wa pili unanyooka nyuma usawa wa nyonga. Sasa sikiliza mguu uliosimamia. Kifundo kitatetemeka, vidole vitang'ang'ania sakafu, na nyonga ya upande ulioinuliwa itataka kufunguka kuelekea pembeni. Irudishe itazame chini, hata ikibidi kushusha mguu kidogo. Baki hapo kwa pumzi tano. Mguu wa aina hiyo ndio unaokubeba unapopiga teke, na ukiyumba hapa polepole, utayumba zaidi mbele ya mpinzani.

Pozi la njiwa, ambalo unakaa goti la mbele likiwa limekunjwa kwa upande na mguu wa pili umenyooka nyuma, hufungua nyonga vizuri, lakini goti likianza kuuma, toka mara moja. Nyonga ikikaza, msokoto wote unahamia kwenye goti, ambalo halina uwezo mkubwa wa kujizungusha. Badala yake lala chali, weka kifundo juu ya goti la pili, kisha vuta paja la mguu huo wa pili kuelekea kifuani. Mnyoosho utausikia kwenye makalio, na goti litapumua.

Wacheza ndondi na jiu-jitsu, ambao mabega yao hujikunja mbele kila siku, waongeze pozi la swila, yaani kulala kifudifudi na kuinua kifua, na misokoto ya mgongo.

Wakati nao una maana. Ukishika mnyoosho mmoja kwa zaidi ya dakika moja kabla ya mazoezi, msuli hupoteza kwa muda sehemu ya nguvu yake ya kulipuka. Kabla ya kupiga, pasha mwili kwa kuzungusha nyonga, kurusha miguu taratibu na salamu ya jua, ule mfululizo wa mapozi ya yoga ya kuinama na kuinuka, mara chache. Mapozi marefu yaweke baada ya mazoezi, mwili ukiwa bado una joto, au siku ya mapumziko.

Halafu kuna pumzi, na hapa ndipo wageni wengi hawaangalii. Anayeanza akibanwa na mwenzake hubana pumzi, mabega yanapanda, na nguvu zinaisha haraka. Kwenye pozi gumu zoea kupumua kwa pua, ukitoa hewa kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Ukishaweza, omba raundi nyepesi na mwenzako unayemwamini, uangalie kama pumzi hiyo inabaki pale ngumi zinapoanza kuja.