Barua kwa mwanangu: Kwa nini mama yako mdogo hakurudi tena Jambiani

Mwanangu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilizima feni nikusikie vizuri. Umeniuliza mawili. La kwanza, kama mkija kutoka Muscat na watoto likizo ya Agosti, tunaweza kukodi nyumba ufukweni Jambiani, hapa Unguja, tukae ukoo mzima siku saba, wadogo kwa wakubwa. La pili umelisema mwishoni kwa sauti ya chini: kwa nini mama yako mdogo, tangu safari ile ya 2006, hajaenda tena baharini na sisi.

Naanza na la pili. Ukilipata hilo, nusu ya la kwanza utakuwa umeshalipata.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu, na unachokikumbuka labda ni gari ya mbao tuliyoikodi, nyimbo njia nzima, na kusimama msituni Jozani kuwatazama kima punju wakivuka barabara. Tulikuwa watu ishirini na tatu. Masufuria mawili makubwa, mikeka, mkungu wa ndizi, na bibi yako kwenye kiti chake cha plastiki kama malkia. Tulifika saa tatu asubuhi, maji yanatoka. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, mwezi wa kuandama umefika siku ya kumi na sita.

Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Miaka ishirini na moja niliwachorea wanafunzi ubaoni mwezi, jua na dunia, nikawaeleza kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hupwa sana na hujaa sana, na katikati yake, mwezi wa kuandama ukiwa siku ya saba au nane na ya ishirini na mbili hivi, ndiyo maji mafu. Kwetu Unguja bamvua kubwa maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, nikakaa nayo mkekani nikimenya vitunguu.

Saa nne bahari ilikuwa imekwenda zake. Unaijua Jambiani ikipwa: unatembea kilomita nzima na maji hayajakufika magotini, mbele unaona mstari mweupe wa mawimbi yanapopasuka mwambani, na katikati vijiti vya mwani safu kwa safu, na akina mama wameinama. Watoto walichanganyikiwa kwa furaha. Kila kidimbwi kina kaa, kina samaki wa kidole, kina kombe. Tuliwaacha. Nani angewakataza? Palikuwa pakavu.

Sasa sikiliza hesabu hii, maana ndiyo iliyonipita mimi mwenyewe mwalimu. Maji yakishapwa, saa ya kwanza hupanda kidogo tu, hata huoni. Saa ya pili hupanda zaidi. Saa ya tatu na ya nne ndipo nusu ya maji yote huingia. Yakiwa ya mita nne, basi mita mbili ndani ya saa mbili. Mtoto wa miaka minne ana kimo cha mita moja. Na kama yamepwa saa nne asubuhi, hiyo saa ya tatu na ya nne ni lini? Ni saa sita mpaka saa nane. Adhuhuri. Wakati wa swala, wakati wa kupakua, wakati wanaume wamejilaza chini ya minazi na kofia usoni.

Tena hayarudi kama mkeka unaokunjuliwa, kutoka mbele kuja kwako. Hutangulia kwenye mabonde. Mtu aliyesimama kwenye fungu la mchanga anaona miguu yake mikavu, akigeuka nyuma anakuta mto.

Mama yako mdogo aliinuka kwenda kutia udhu. Akasema, "Mniangalilie Babu." Unajua tulivyokuwa tukimwita mwanawe Babu, kwa kuwa amechukua jina la babu yenu. Alisema "mniangalilie", hakumtaja mtu. Palikuwa na watu wazima kumi na moja pale. Aliyejibu ni mimi. Nilisema "haya", mkono mmoja umeshika upawa, na macho yangu hayakutoka kwenye sufuria. Nilisema haya kama mtu anavyoitika salamu.

Ninachokiamini sasa ni kwamba watu kumi na moja wakiangalia mtoto, hakuna anayemwangalia. Kila mmoja wetu alimwona Babu kwa jicho la pembeni dakika fulani, akaridhika. Angekuwa peke yake na mama yake siku ile, asingefika popote.

Alikuwa amemfuata binti wa ami yako, wa miaka saba, wameshikana mikono kwenda kutafuta kombe. Hatukusikia kelele, na hili nalo watu hawalijui. Wanadhani mtu anayezama hupiga mayowe na kurusha mikono. Mdomo wake una kazi moja tu, kutafuta pumzi, hauna nafasi ya kumwita mama. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu kiasi cha 300,000 waliokufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Wengi wa hao, nina hakika, palikuwa na mkubwa si mbali aliyesema haya.

Aliyewaona ni mama mmoja wa mwani. Alikuwa anarudi na gunia lake kichwani. Akalitupa gunia, akaingia bondeni maji yakamfika kifuani, akamweka Babu mgongoni na yule msichana akamkokota kwa mkono. Aliwaleta mpaka kwenye mikeka yetu, akawatua, akatuangalia sote mmoja mmoja, akasema: "Nyinyi wa mjini mnakuja kula au mnakuja na watoto?" Akaenda zake. Gunia lile lilikwenda na maji, kazi ya asubuhi nzima. Hatukumlipa. Tulimkaribisha pilau tu, akakataa. Nalifikiria gunia lile kuliko unavyodhani.

Mama yako mdogo alitoka kwenye swala akakuta mwanawe anatapika maji ya chumvi mapajani kwa bibi. Na hapo ndipo mimi, dada yake mkubwa, niliposema mbele ya watu wote: "Mtoto ni wako. Ungekwenda naye huko kuswali."

Hakunijibu. Angeweza kusema, "Dada, si uliitika wewe?" Alikuwa amenisikia nikisema haya, na mimi najua alinisikia. Akakunja mswala wake, akamchukua Babu, akaenda kukaa garini mpaka magharibi.

Miaka miwili tulikutana arusini na misibani tu. Kisha bibi yako alipougua tukalazimika kupokezana usiku, tukarudi kuzungumza, tukapikiana futari, mambo yakawa kama zamani isipokuwa bahari. Nyinyi watoto mkashika kwamba mama mdogo anaogopa maji. Mmemtania miaka, hata kwenye arusi yako mlimtania, na mimi niliyekuwa najua nilicheka pamoja nanyi. Sikujua ningeanzia wapi, mwanangu. Kadiri siku zilivyopita nikaona ni jambo la zamani, halina haja. Halikuwa la zamani kwake.

Basi hilo ndilo jibu. Juzi baada ya kusikia ujumbe wako nilimpigia simu. Nitakwambia alichosema, lakini kwanza tupange safari yako.

Njoo. Agosti ni kusi, upepo mwingi na usiku pana ubaridi, kwa hiyo wabebee watoto sweta. Najua mtacheka, mnatoka kwenye joto la Muscat, lakini mtoto aliyetoka majini jioni na upepo ule anatetemeka meno. Usichague Paje ingawa rafiki zako wamekusifia. Kusi ni msimu wa wale wanaovutwa na matiara makubwa juu ya maji. Ufuko wote una kamba na watu wanaokwenda kasi, na mtoto wa miaka mitatu hatazami juu. Jambiani pametulia zaidi.

Tarehe usikate mpaka utazame kalenda ya mwezi, ile ya Kiislamu iliyo ukutani kwako inatosha. Ukija siku za mwandamo au mwezi kumi na tano, utapata bamvua: asubuhi vidimbwi na kaa, mchana maji kwa kasi. Ukija mwezi saba au ishirini na mbili, maji mafu, yanajaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hayaendi mbali na hayarudi kwa fujo. Kwa watoto wenye umri wa wako mimi ningeanza na maji mafu, siku za mwisho ziingie kwenye bamvua ili waone bahari ikiondoka. Siku hiyo ya vidimbwi wote wawe wameshatoka saa sita haijafika, na chakula kisubiri.

Nyumba iwe na veranda inayotazama ufuko, na mkweo apate choo cha karibu, maana mzee asiyestarehe huharibu siku ya watu wote. Bwawa la kuogelea sitaki. Watu hulipia zaidi kwa ajili ya bwawa, nami nalipa zaidi lisiwepo: bahari naweza kuihesabia saa zake, bwawa liko pale saa nane usiku na mlango umesahauliwa wazi. Maboya ya kupuliza yale ya bata na farasi yaacheni dukani. Maji yakitoka yanatoka na kila kinachoelea. Viatu vya mpira kila mtoto, kuna wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi. Na wafundishe wasikanyage kamba za mwani wala kung'oa vijiti. Tangu 1989 hivi akina mama wa pwani ile wanasomesha watoto kwa mwani, na sasa maji yamekuwa ya moto, mwani unawafia, hawahitaji na wetu wakatize katikati. Kijijini watoto wakubwa wajisitiri, hilo sina haja ya kukwambia.

Pesa mpange nyinyi vijana. Mimi natoa mchele na nazi, mengine msiniulize.

Sasa kofia. Ile pama ya babu yako ya ukindu bado ninayo, imeliwa kidogo na panya pembeni. Tutakwenda nayo. Mwenye pama kichwani ndiye mwenye watoto. Hapiki, haswali, hashiki simu, hazungumzi na mtu huku amempa bahari mgongo. Nusu saa tu, kisha anamvisha mwingine kwa mkono wake na kumtajia watoto kwa majina, wangapi na wako wapi. Akitaka kwenda msalani, anaivua na kumvisha mtu kwanza. Huwezi kusema "niangalilieni" hewani. Mumeo naye ataivaa, na ami yako anayedhani watoto ni kazi ya wanawake ataivaa wa kwanza mchana akishashiba, ili asilale.

Nilimweleza mama yako mdogo habari ya kofia hii. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Nikasema, "Mdogo wangu, siku ile niliitika mimi." Akasema, "Najua, dada." Nikamwomba radhi, na haikutoka vizuri, nilikuwa nimeyapanga maneno mazuri yote yakapotea. Akaniuliza kama yule mama wa mwani yuko hai. Nikamwambia sijui, wala jina lake hatukuliuliza. Akasema tukifika tuulizie, gunia lina bei yake.

Babu anataka kuja pia, ameomba ruhusa kazini, na mchumba wake atakuwa naye. Mama yako mdogo atatengeneza mikate ya ufuta. Ila amesema chumba chake kiwe mbali na cha ami yako, anakoroma.

Wasalimie watoto, na mumeo.

Mama yako