Makaroni zapasuka uso: kosa la oveni au la dirisha?

SWALI: Nimejaribu makaroni za Kifaransa (zile biskuti za lozi, si tambi) mara tatu. Kila mara uso hupasuka, miguu haitoki na ndani huwa tupu. Natumia ute wa mayai 3, kikombe 1 cha lozi nilizomenya kwa maji moto na kusaga kwa blenda, kikombe 1 na nusu cha sukari ya aisingi na robo kikombe cha sukari ya chai. Huziacha saa nzima karibu na dirisha zikauke, kisha naziingiza kwenye oveni ya gesi. Nankhatai zangu hazina kasoro kwenye oveni hiyo hiyo. Nakosea wapi? – Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Dada, nankhatai ina samli, na samli husamehe mengi. Biskuti hii ni ute, lozi na sukari tu.

Tuanze na dirisha, maana ndilo lililoharibu zaidi. Miguu hutoka pale uso unapokauka ukawa ngozi: mvuke ukikosa njia juu hutokea chini, ukaliinua ganda zima na kuacha ule ukingo wa mapovu. Ngozi isiposhika, mvuke hupasua juu. Sasa upepo wa bahari unaoingia hapo dirishani umebeba maji, na sukari huyanywa. Hiyo saa moja iliandikiwa jiko kavu. Huku kipimo ni kidole. Funga madirisha, washa kiyoyozi kama kipo, la sivyo weka trei chini ya pangaboi, na wali usitokote hapo karibu. Kila dakika 15 gusa ukingo wa ganda taratibu. Kidole kisiponata, ziko tayari. Siku nzuri ni dakika 40. Masika hata saa 2. Usizikaushe kwenye oveni ya gesi ikiwaka, kwani gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji.

Kisha lozi. Zikimenywa kwa maji moto hubaki na unyevu ndani, na blenda ikizidi kuzunguka hutoa mafuta yanayoua povu. Zikaushe kwenye oveni kwa digrii 100, dakika 20 hadi 30, zipoe kabisa, ndipo uzisage pamoja na nusu ya sukari ya aisingi, sekunde mbili tatu kwa wakati, ukikoroga katikati. Unga ukianza kugandamana ukutani mwa blenda umepitiliza. Hizo zitie kwenye maziwa ya lozi, uanze nyingine. Chekecha pamoja na nusu ya aisingi iliyobaki.

Vikombe viweke kabatini, utafute mizani: ute gramu 100, unga wa lozi 130, aisingi 130, sukari ya chai 90. Ute wa yai la dukani ni kama gramu 30, kwa hiyo mayai 3 hayatoshi. Vunja la nne, upime. Sukari yetu ina chembe kubwa, isage kidogo, na uitie kijiko kijiko povu likishakuwa jeupe. Bakuli lipanguse kwa siki kwanza. Acha kupiga kilele kinaposimama wima na povu halisogei ukipindua bakuli.

Kwenye kuchanganya povu na unga wa lozi ndipo mkono uliozoea mkate wa mayai hukosea. Kule unabembeleza povu lisife. Hapa sharti uliue kiasi. Zungusha mwiko, bana rojo kwenye ukuta wa bakuli, zungusha tena, mpaka litiririke kama utepe, uweze kuchora nane bila kukatika, na mchirizi uzame wenyewe kwa sekunde 20 hadi 30. Ukiishia mapema, kila ganda hubaki na ncha juu na ndani huweza kuwa tupu. Ukizidisha, yatatandaa kama chapati za maji. Mimina maduara ya sentimita 4, gonga trei mezani mara 3, toboa mapovu kwa kijiti.

Oveni ya gesi moto wake uko chini, nao huchangia kupasua na kuacha uwazi. Pandanisha trei 2, weka rafu ya kati, upike kwa digrii 150 za kipimajoto cha ndani. Namba za kitasa usiziamini. Dakika 15 hadi 17. Gusa kichwa cha ganda: likicheza juu ya miguu yake, ongeza dakika 2. Usibandue kabla hayajapoa.

SWALI: Zangu zilitoka vizuri, nikazijaza krimu ya siagi na kuziweka kwenye friji. Nilipozifungua ukumbini, upande wa Likoni, zilikuwa zinatoka jasho na uso unanata. – Msomaji, Tudor

JIBU: Siagi haivumilii joto la feri ya kuvukia Likoni. Tumia chokoleti nyeusi gramu 100 iliyoyeyushwa kwa krimu moto gramu 80, ipoe ishike ndipo ujaze. Zilaze kwenye friji saa 24 ndani ya mkebe usiopitisha hewa. Lile jasho ni unyevu wa hewa uliogusa biskuti baridi, kwa hiyo mkebe ukitoka kwenye friji usiufunue. Uache umefungwa dakika 30 au zaidi, mpaka nje yake pakauke.