Hodi tatu za Sheldon: maswali yenu kuhusu komedi za vipanga

Sizoni za vichekesho zinazowahusu vipanga, yaani watu wa kompyuta, fizikia, gemu na vitabu vya katuni, zina wafuasi wengi pwani kuliko tulivyodhani. Haya ni baadhi ya maswali kutoka Tanga na Bagamoyo.

Kile kicheko cha nyuma kwenye The Big Bang Theory ni cha watu au cha mashine? Tumebishana kijiweni mpaka kahawa imepoa. (Ngamiani, Tanga)

Ni watu. Sizoni hiyo ya kituo cha Marekani cha CBS, inayomhusu mwanafizikia Sheldon, wenzake vipanga na jirani yao Penny, iliyoruka kuanzia 2007 hadi 2019 kwa vipindi 279, ilirekodiwa kwenye studio za Warner Bros. huko Burbank, California, mbele ya watazamaji waliokaa vitini kama wako ukumbi wa maigizo, huku kamera kadhaa zikirekodi kwa mpigo. Mtindo huo ulishika mizizi na I Love Lucy mwaka 1951.

Lakini aliyeshikilia mashine naye msimcheke sana. Miaka ya 1950 fundi sauti Mmarekani, Charles Douglass, alitengeneza sanduku la vicheko vilivyorekodiwa: bonyeza hapa wanaguna, bonyeza pale wanaangua. Na hata kicheko cha watu halisi hupitia kwa mhariri, kwa sababu tukio likirudiwa mara ya tatu hakuna anayecheka kama mara ya kwanza.

Mtandaoni kuna vipande vilivyoondolewa kicheko, na waigizaji wanaonekana kama wamepigwa na butwaa. Si kwamba hawajui kuigiza. Mwigizaji wa mtindo huu husubiri kicheko kishuke ndipo aseme, kwa hiyo ukikifuta unabaki na shimo la sekunde mbili tatu. Silicon Valley, komedi ya vijana waunda programu za kompyuta, haina shimo hilo kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili ya ukumbi. Mle watu wanakatizana kauli, na utani unapita bila kusimama kukungoja.

Nasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) kidato cha tano. Zile hesabu za ubaoni kwa akina Sheldon ni za kweli au wanachora tu? (Makorora, Tanga)

Ni za kweli. Mshauri wao alikuwa David Saltzberg, mwanafizikia wa UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyekagua miswada na kuandaa ya ubaoni. Waandishi wakifika mahali pa sayansi waliacha nafasi wazi, naye akaijaza. Hapo pana siri ya komedi nzima: utani ulikuwa umeshasimama kabla fizikia haijaingia. Ndiyo maana mtu aliyeacha hesabu darasa la saba anacheka sawa na wewe.

Silicon Valley (HBO, 2014 hadi 2019) walikwenda mbali zaidi. Kwa kuwa hadithi yake inahusu programu ya kubana mafaili, Tsachy Weissman wa Chuo Kikuu cha Stanford na mwanafunzi wake Vinith Misra waliwabunia kipimo kinacholinganisha programu kwa vitu viwili, imebana kiasi gani na imetumia muda gani.

Na ule msemo wa The IT Crowd, komedi ya Waingereza kuhusu mafundi kompyuta wa ofisini, "umejaribu kuizima na kuiwasha?", ni ushauri halali kabisa. Ukizima, kumbukumbu ya muda inafutika, programu zilizokwama zinaondoka, mashine inaanza upya. Haitaponya diski iliyokufa wala umeme unaopanda na kushuka.

Mimi hutafsiri muvi kwa sauti kwenye kibanda changu. Za mapigano zinakwenda vizuri, lakini nikiweka hizi za vipanga watu hawacheki, wananitazama mimi. Nakosea wapi? (Dunda, Bagamoyo)

Tatizo la kwanza ni muda. Kwenye mapigano ukichelewa sekunde mbili risasi haijali. Kwenye komedi ukichelewa, watazamaji wa studio wanacheka kabla watu wako hawajasikia kilichochekesha. Tazama kipindi chote kwanza, dakika 20 na ushee tu, uandike kila kicheko kipo dakika ya ngapi. Ukirudi kutafsiri, anza pamoja na mwigizaji, kata maneno nusu nzima ikibidi, na uhakikishe neno la kuchekesha linakuwa la mwisho na linatoka mdomoni kabla ya kicheko. Halafu nyamaza. Wengi huendelea kusema juu ya kicheko, na hapo ndipo utani unapofia.

La pili, usitafsiri kila kitu kwa uzito mmoja. Utani wa majina (Spock wa Star Trek, kwa mfano) unahitaji sentensi moja mwanzoni mwa kipindi: "huyo ni kiumbe wa sayari nyingine anayejivunia kuzuia hisia zake." Ukieleza baada ya utani umechelewa. Utani wa kucheza na maneno ya Kiingereza uache, au weka wako. Nguvu zako zote zipeleke kwenye utani wa tabia.

Chukua mlango wa Penny. Sheldon anagonga mara tatu na kuita jina, anagonga tena na kuita, anagonga tena na kuita. Mmarekani anaona kichaa. Mtu wa Dunda anaona kijana mwenye adabu zake, maana hodi si mara tatu, na usipoitikiwa unaondoka? Ukitafsiri "hodi, hodi, hodi" basi umemfanya awe mtu wa kawaida. Kinachochekesha ni kwamba Penny akifungua mlango baada ya hodi ya kwanza, jamaa hawezi kuingia mpaka amalize zile mbili zilizobaki. Lipe sauti hilo: "Karibu." "Subiri, bado mbili."

Katika msimu wa 10 anaeleza chanzo: akiwa na miaka 13 aliingia nyumbani bila kugonga akamkuta baba yake na mwanamke mwingine. Hodi ya kwanza ni desturi, anasema, mbili za baadaye ni kuwapa watu nafasi ya kuvaa. Bibi yeyote wa Kaole angemwambia hivyo hivyo.

Jambo la mwisho, hukuliuliza lakini lipo: kuweka sauti juu ya kazi ya mtu na kuionyesha kwa kiingilio kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Sisi ni kikundi cha maigizo, baadhi tumepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Tunataka komedi fupi ya mafundi simu. Tuanzie wapi? (Magomeni, Bagamoyo)

Msianze na simu. Anzeni na watu watatu au wanne, kila mmoja na jambo moja asiloweza kujizuia. Sheldon, kwa mfano, haelewi kejeli. Mhamishieni hilo fundi wenu na mumweke pwani, mahali ambapo mafumbo yanaandikwa hadi kwenye kanga. Mama mwenye nyumba anaingia, kodi ya miezi miwili haijalipwa: "Wengine bwana wanalala usingizi mzuri kwenye nyumba za watu." Fundi, bila kuinua kichwa: "Ndiyo mama, feni inasaidia sana." Hapo hakuna neno hata moja la kitaalamu, na bado ni komedi ya kipanga.

Kisha wekeni mtu asiyejua ufundi, kama Penny, au Jen wa The IT Crowd. Kazi yake ni kuuliza yale ambayo mtazamaji angeuliza. Mkimkosa, mafundi wataanza kuelezana mambo wanayoyajua wote, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya mswada mbovu. Neno la fani moja au mawili kwa tukio yanatosha. "Kuflashi" kila mtu analijua. Yakizidi hapo inakuwa semina.

Kwa dakika sita andikeni kurasa sita hivi. Shida iwe imeingia kabla ukurasa wa kwanza haujaisha, na kila wanachofanya kuitatua kiizidishe. Usomeni mswada kwa sauti mbele ya watu wawili wasio wa kikundi. Pale mnapolazimika kusema "hapo tulimaanisha…", futeni.

Picha ya simu inatosha, sauti ndiyo huwaangusha wengi. Upepo wa bahari ukiingia kwenye maiki hakuna mhariri atakayeutoa vizuri. Rekodini ndani, zimeni feni (ya kwenye mazungumzo ibaki imesimama tu), tumieni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, na kabla ya kuondoka rekodini nusu dakika ya chumba kikiwa kimya ili mhariri afunikie maungio. Vicheko vya kupakua mtandaoni, hapana. Kama hamna watazamaji, waigizaji wasisubiri kicheko.

Darasani wananiita Amy kwa sababu napenda biolojia. Ni tusi? (Chumbageni, Tanga)

Amy, mwanasayansi wa ubongo na mpenzi wa Sheldon kwenye The Big Bang Theory, anaingia mwishoni mwa msimu wa tatu, na aliyemwigiza, Mayim Bialik, kweli ana PhD ya sayansi ya ubongo na neva kutoka UCLA. Misimu ya mwanzo, kwa maoni yetu, ilikuwa nyepesi upande huo: wavulana wanaogopa wasichana, Penny hajui kitu, basi. Amy na Bernadette, naye mwanasayansi, walipoongezeka, utani ukaanza kwenda na kurudi. Mtani anakuwa mtani kwa sababu na wewe unaruhusiwa kumjibu. Wape na wao majina, uone watayapokeaje.

Ipi naweza kutazama na watoto? (Raskazone, Tanga)

Young Sheldon, misimu saba, 2017 hadi 2024, ingawa nayo ipitie kwanza. The Big Bang Theory subiri: kipindi cha kwanza kabisa kinafunguka kwenye benki ya mbegu za kiume, na mtoto atauliza ni benki gani hiyo, mbele ya bibi yake.