Sherehe ya mwanangu imetangazwa bila mimi kuulizwa, na zimebaki siku nne

"Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kwanza anatimiza miaka 2 Jumamosi hii. Mimi na mume wangu tulikubaliana tusifanye sherehe, kwa sababu tumetoka kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita na mkononi nimebakiwa na shilingi 150,000 tu za ziada. Jumapili usiku wifi yangu mkubwa aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu 31, kwamba wote wakutane kwetu Tabata siku hiyo. Mama mkwe atatoka Morogoro Ijumaa. Wifi ameshanitumia picha za mapambo na namba ya mshereheshaji. Mume wangu anasema hawezi kumpinga dada yake, kwa kuwa ndiye aliyemsomesha. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha shilingi 400,000, nirudishe kwa miezi mitatu. Tunaishi vyumba viwili, na uwani tunachangia na wapangaji wenzetu. Nikope, au niwaambie wasije?" Mama wa Tabata.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma Jumatatu usiku na nimeitanguliza mbele ya nyingine, kwa kuwa Jumamosi haitatusubiri. Usikope, na wala usiwazuie kuja. Kati ya hayo mawili ipo njia ya tatu, nayo ni kuichukua shughuli hii mikononi mwako leo hii na kuipunguza mpaka ilingane na mtoto mwenyewe, ambaye ni wa miaka miwili na hajui ukumbi wala mshereheshaji ni nini.

Wifi yako amekosea. Kualika watu katika nyumba ya mwenzako bila kumuuliza si jambo dogo, na uchungu wako naufahamu. Hata hivyo siku nne hazitoshi kumaliza manung'uniko na kuandaa sherehe kwa wakati mmoja, kwa hiyo hayo ya wifi yaweke kando mpaka wageni watakapokuwa wamerudi makwao. Kuhusu mkopo, piga hesabu pamoja na mumeo: shilingi 400,000 kwa miezi mitatu ni zaidi ya 133,000 kila mwezi kabla hujaongeza riba, na wewe umeniambia kwamba ziada yako yote kwa sasa ni 150,000. Utakuwa unailipia jioni moja kwa robo nzima ya mwaka, na mwezi wa pili ukikwama, watakaokujia mlangoni ni wanakikundi wenzako, wala si hao waliokula keki.

Jambo la kwanza ni simu, na simu hiyo aipige mumeo usiku wa leo. Mtu aliyesomeshwa na dada yake anastahili kumheshimu, nami simtaki ampinge. Namtaka azungumze naye, wawili peke yao, nje ya kundi, kwa sababu neno linaloandikwa mbele ya watu 31 humfanya mtu atetee heshima yake badala ya kusikiliza. Anaweza kusema hivi: "Dada, tumefurahi kwamba umemkumbuka mtoto. Jumamosi tutakuwa nyumbani kuanzia saa kumi jioni, tutakunywa chai, tutakata keki, na saa kumi na mbili tutaagana kwa sababu mtoto analala mapema. Mama mtoto anakuomba wewe usimamie keki." Sentensi hiyo ya mwisho asiisahau. Mtu aliyejitwika shughuli ya watu kwa mapenzi huumia akiondolewa kabisa, lakini akipewa sehemu yake iliyo wazi, mara nyingi huiacha sehemu iliyobaki bila vita. Akisema kwamba mpambaji atamlipa yeye, mshukuruni na mkubali. Akisema kwamba na mshereheshaji atamlipa yeye, mshukuruni pia lakini mkatae, kwa kuwa spika kubwa katika ua wa watu wengi ni ugomvi na wapangaji wenzako, na ugomvi huo utabaki nao wewe. Baada ya simu hiyo, mumeo mwenyewe aandike saa na mahali kwenye kundi, na aombe kila familia iseme kufikia Alhamisi itakuja na watu wangapi.

Nimetaja saa kumi jioni kwa makusudi, kwa maana katika shughuli ya mtoto saa ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine. Ukialika watu saa sita mchana umewaahidi chakula cha mchana, iwe umesema au hujasema, nao watatarajia pilau, kuku na soda. Tena kwa jinsi tunavyochelewa hapa mjini, mgeni wa saa sita ataingia saa nane, wakati mtoto amekwisha kuchoka, analia, na hataki kushikwa na mtu. Ukialika saa kumi, mtoto atakuwa ameshalala mchana na kuamka, jua la Dar es Salaam litakuwa limelegea, na kinachotarajiwa mezani ni vitafunwa. Weka sambusa, kachori, viazi karai, matunda yaliyokatwa, chai ya viungo kwa wakubwa na juisi ya ukwaju uliyoitengeneza mwenyewe. Yupo atakayeuliza pilau liko wapi. Mwache aulize. Mama mkwe, ambaye ametoka safarini na atalala kwako, mpikie chakula kizuri cha usiku Ijumaa, na hiyo ndiyo heshima atakayoikumbuka.

Keki isizidi theluthi ya fedha yako, yaani shilingi 50,000, hata wifi akikuonyesha picha ya keki ya ghorofa tatu. Akitaka kuongeza zake, ni hiari yake. Keki ya kilo mbili, ikikatwa vipande vidogo, inawatosha watu 25 bila shida. Mwokaji apigiwe simu kesho Jumatano, siyo Ijumaa, na aulizwe keki ya krimu ya kawaida yenye jina la mtoto, kwa sababu keki za maumbo ya magari na wanyama zinataka siku za maandalizi ambazo hamna. Ikiwa waokaji wamejaa, oka mwenyewe. Keki ya kawaida iliyookwa Ijumaa usiku na kupakwa krimu Jumamosi asubuhi haina aibu yoyote, na ninasema hivyo nikiwa mtu niliyeoka nyingi juu ya jiko la mkaa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Lipo jambo kuhusu keki ambalo ninaliona katika sherehe nyingi na linanisikitisha. Mtoto mdogo husimamishwa juu ya kiti, hushikizwa kisu, kisha ukoo mzima hupangwa mstari ili awalishe mmoja mmoja, kuanzia babu hadi jirani, kwa kijiti kilekile, huku simu kumi zikimpiga picha na kila mtu akimwita atazame kwake. Mtoto wa miaka miwili hawezi kustahimili hayo. Ataogopa, atalia, na watu watamcheka au watamwambia ana deko. Wewe panga mapema kwamba atawalisha watu wanne tu, nao ni bibi yake, shangazi yake ambaye ndiye wifi yako, baba yake na wewe, kisha keki iondolewe ikakatwe na kugawiwa kwenye visahani. Keki ikatwe saa kumi na moja kamili, awe amefika nani au hajafika nani. Chagua mpiga picha mmoja, wengine watatumiwa.

Na kama kuna vijana katika ukoo wenu wanaopenda kummwagia maji mwenye siku yake ya kuzaliwa, waambie mapema kwamba safari hii hapana. Mtu mzima anayemwagiwa ndoo ya maji anaelewa kwamba anapendwa. Mtoto wa miaka miwili anaelewa kwamba watu anaowaamini wamemgeukia, na jioni yake yote imeishia hapo.

Kuhusu watoto wengine, usijidanganye kwamba unaweza kualika wa ukoo peke yao. Watoto wa ua wenu watakuwepo, na ni vizuri wawepo, kwa hiyo wahesabu tangu sasa. Kesho zunguka kwa wapangaji wenzako, waeleze kwamba Jumamosi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili mtautumia uwani, na waombe mikeka na viti vyao. Mwenye kuombwa kiti huwa hana tena sababu ya kulalamika juu ya kelele. Wakubwa wakae kwenye viti, watoto kwenye mikeka, na jiko la mkaa pamoja na birika la chai viwekwe upande ambao watoto hawafiki, akiwepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Birika la moto lililowekwa chini ukingoni mwa mkeka ndilo ninalolihofia kuliko kitu kingine chochote katika shughuli hii.

Hofu yangu ya pili ni koo. Watoto wadogo hukabwa na vitu ambavyo sisi tunavitupa mezani bila kufikiri: karanga, bisi, pipi ngumu, zabibu nzima. Visiwepo kabisa kwenye mikeka. Zabibu ukizinunua, zipasue kwa urefu, mara mbili. Vipande vya puto lililopasuka viokotwe palepale, kwa sababu mtoto akikivuta kipande kooni kinaliziba koo kabisa. Kwa vinywaji, maji safi na matunda yanawatosha. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu chakula cha watoto wa miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri huo wasipewe vinywaji vilivyotiwa sukari, na bila shaka watakuwepo wachanga wa rika hilo miongoni mwa wageni wako. Kwa hiyo kreti za soda uzifute kwenye orodha, na fedha yake inunue sambusa.

Michezo haina gharama. Maji ya sabuni na kitanzi cha waya vinatoa mapovu ambayo watoto watayakimbilia nusu saa nzima. Beseni lenye maji kidogo na vikombe vya plastiki litawashughulisha kuliko lile jumba la kupuliza upepo, ambalo kwenye ua wenu hata nafasi yake haipo. Ila beseni hilo lisiachwe bila mtu mzima hata dakika moja, na likimaliza kazi limwagwe, kwa kuwa maji machache sana yanatosha kumzamisha mtoto. Kitu ambacho mwanao anakipenda kuliko vyote, iwe mdoli au gari, kifiche chumbani kabla wageni hawajaingia. Mtoto wa umri huu hajajifunza bado kumpa mwenzake kitu chake, na hakuna sababu ya kumfanyia mtihani huo mbele ya ukoo mzima. Akichoka katikati ya sherehe, mwingize ndani umlaze, wageni waendelee na chai yao.

Saa kumi na mbili ikikaribia, baba mtoto asimame na kuwashukuru watu, na bibi apewe nafasi ya kumwombea mjukuu wake dua. Wageni wetu wakisikia dua wanajua kwamba shughuli imefungwa, na hutahitaji kumwambia mtu aondoke.

Jumapili, ukiwa umepumzika, tuma picha chache kwenye kundi na uwashukuru waliokuja, ukianza na wifi yako kwa ajili ya keki. Kisha, baada ya wiki moja au mbili, mtembelee ukiwa peke yako, na umwombe kwa upole kwamba mwaka ujao, kabla hajaandika neno lolote kwenye kundi, akupigie simu wewe kwanza.

Wako, Shangazi.